Kivinjari kinaganda: kabla hujakifuta, soma dalili

Kila wiki lazima aingie mtu na laptopu kwapani, aiweke mezani na kusema, "Fundi, hiki kivinjari kimechoka, niwekee kingine." Steshenari yetu iko jirani na chuo, kwa hiyo msimu wa maombi ya udahili na mikopo unapoanza, sentensi hiyo naisikia mpaka mara tano kwa siku. Huwa siweki kingine papo hapo. Nikiweka, mteja atafurahi siku mbili, kwa sababu kivinjari kipya hakina vichupo (tab) arobaini wala vikorokoro vya viendelezi, zile programu ndogo zinazobandikwa ndani yake. Siku ya tatu atarudi, na safari hii atasema mimi ndiye mbovu.

Vivinjari vingi tunavyovishindanisha ni ndugu wa tumbo moja. Chrome, Edge, Opera, Brave, Vivaldi na Samsung Internet vyote vimejengwa juu ya Chromium, msingi wa Google wenye injini inayosoma na kuonyesha kurasa. Opera iliacha injini yake mwaka 2013, na Edge mpya ilikuja na injini hiyo Januari 2020. Kutoka Chrome kwenda Brave kwa sababu "Chrome nzito" ni kama kushuka daladala yenye injini fulani na kupanda nyingine yenye injini ileile, ila hii imechorwa vizuri ubavuni. Wenye injini yao wenyewe kweli ni Firefox na Safari. Na kwenye iPhone zinazouzwa kwetu, hata ukipakua Chrome au Firefox, ndani inayosukuma ni WebKit, injini ya Safari.

Kwa hiyo ukiniuliza kipi kina kasi, nitakujibu kwa swali: kwenye mashine gani, na kinaumwa nini?

Kwanza hakikisha mgonjwa ni kivinjari

Vipimo vitatu vinatosha, na havizidi dakika tano.

Fungua ukurasa uleule kwenye dirisha fiche. Chrome na Edge ni Ctrl+Shift+N, Firefox ni Ctrl+Shift+P. Humo viendelezi vingi huwa vimezimwa na vidakuzi vya zamani, yale mafaili madogo ambayo tovuti huacha kwenye kompyuta, havipo. Ukurasa ukifunguka vizuri huko, tatizo ni kiendelezi au mabaki yaliyohifadhiwa, na kivinjari chenyewe ni kizima.

Ukigoma, ufungue kwenye kivinjari cha injini nyingine. Ndiyo maana kila mashine inayopita mikononi mwangu huondoka na viwili, kimoja cha ukoo wa Chromium na kingine Firefox. Kuwa na Chrome na Opera pamoja hakukupi kipimo chochote.

Ukigoma na huko, chukua simu ya mtu wa mtandao mwingine, washa hotspoti, ujaribu tena. Ukifunguka, basi intaneti yako ndiyo inayosumbua. Jumapili ya Mei 12, 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, intaneti ya Afrika Mashariki ilidorora, na nawajua watu waliofuta na kuweka upya vivinjari siku ile mpaka bando likaisha. Hakuna kivinjari kinachoweza kuunga waya ulio chini ya bahari.

WhatsApp inaenda, kivinjari hakifungui kitu

Kabla ya jambo lolote, angalia bando. Bando la mitandao ya kijamii litapitisha WhatsApp na kuziacha tovuti nyingine nje. Nimeona mtu ameweka upya Windows nzima kwa sababu hii, na sitamtaja.

Bando likiwa la kawaida, soma msimbo ulio chini ya ujumbe. DNS_PROBE_FINISHED_NXDOMAIN au ERR_NAME_NOT_RESOLVED maana yake kompyuta haikupata anwani ya hiyo tovuti. Huenda umekosea kuandika jina, na kama si hivyo, basi DNS ya mtandao wako, daftari linalogeuza jina la tovuti kuwa anwani, imelala. Weka 1.1.1.1 au 8.8.8.8 kwenye mipangilio ya mtandao, ujaribu tena. ERR_CONNECTION_TIMED_OUT ni jambo lingine: anwani imepatikana, mlango umebishwa, hakuna aliyejibu. Hapo mara nyingi tovuti imezidiwa, hasa siku ya mwisho ya maombi. Subiri usiku.

Kinaanza vizuri, baada ya nusu saa kinaburuta miguu

Huu ndio ugonjwa mkuu, na hapa ndipo tofauti kati ya vivinjari inapoonekana kweli.

Laptopu nyingi zinazoletwa kwangu zina RAM, yaani kumbukumbu ya muda ya kompyuta, ya GB 4. Windows ikishachukua sehemu yake, kinachobaki hakizidi sana GB 2. Sasa kivinjari cha kisasa hakikai kama programu moja. Kila tovuti hupewa chumba chake, ili tovuti mbaya isichungulie ya jirani. Chrome ilianza kutenga tovuti namna hiyo kwa watumiaji wa kompyuta mwaka 2018, baada ya kasoro ya Spectre kugundulika kwenye vichakato, na Google wenyewe walikiri kwamba usalama huo unaongeza matumizi ya kumbukumbu kwa asilimia 10 hadi 13. Firefox ikafuata mwaka 2021. Yaani uzito unaoulalamikia, sehemu yake ni mlinzi uliyemwajiri bila kujua.

Usibahatishe. Bonyeza Shift+Esc ukiwa ndani ya kivinjari. Kwenye Chrome na Edge litafunguka dirisha la majukumu. Kwenye Firefox utafunguka ukurasa wa about:processes. Panga kwa safu ya kumbukumbu. Utashangaa. Mara nyingi anayekula si zile tovuti ishirini ulizozifungua, ni moja tu: ukurasa wa video uliouacha nyuma, barua pepe iliyo wazi tangu juzi, au kiendelezi cha "kupakua video bure" ulichokiweka mwaka jana. Muue huyo mmoja, mashine itapumua.

Kwenye kipimo hiki naipa Firefox alama zaidi. Orodha yake inakuonyesha kichupo kwa jina na kile kilichomo ndani, na kando yake kuna alama ya kukifunga. Ukiingia about:memory utakuta kitufe cha kupunguza matumizi ya kumbukumbu bila kufunga kitu. Dirisha la Chrome linasema kweli pia, ila limejaa majina ya michakato yanayomtisha mwanafunzi wa mwaka wa kwanza.

Kwenye tiba, lakini, Edge ndiyo iliyonisaidia zaidi katika mashine ndogo za Windows. Tangu toleo la 88, Januari 2021, inalaza vichupo visivyotumika. Chrome ilileta Kiokoa Kumbukumbu mwishoni mwa 2022. Kiko chini ya Utendaji kwenye mipangilio, kiwashe. Firefox kwenye Windows hutupa vichupo vya zamani kumbukumbu inapokaribia kuisha, lakini husubiri mpaka maji yafike shingoni. Hasara ya kulaza vichupo ni moja na inauma: fomu uliyoijaza nusu ukaiacha inaweza kurudi tupu. Iongeze tovuti ya maombi kwenye orodha ya zisizolazwa, au ujaze ukamalize.

Jingine: Chrome na Edge zina mtindo wa kuendelea kufanya kazi chinichini hata ukizifunga. Kwenye mipangilio ya mfumo kuna swichi ya kuzuia hilo. Kwa mashine ya GB 4, izime.

Halafu kuna matangazo. Ukurasa wa habari wenye matangazo kumi ni mzigo kuliko habari yenyewe, na unakula bando. Kizuia matangazo maarufu, uBlock Origin, kilizimwa kwenye Chrome kufuatia mabadiliko ya kanuni za viendelezi yaliyoanza kutumika 2024. Kuna toleo jepesi lililobaki, lisilo na nguvu zilezile. Firefox bado inakikubali kile kamili, hata kwenye simu za Android, ambako Chrome haina viendelezi kabisa. Kwa anayenunua bando la siku, hii ni tofauti kubwa kuliko kipimo chochote cha kasi.

Ukitaka kipimo kabisa, kipo: Speedometer 3, kilichotoka Machi 2024 kwa ushirikiano wa waundaji wa injini zote tatu, kwenye browserbench.org. Kiendeshe kwenye mashine yako, programu nyingine zikiwa zimefungwa. Namba za laptopu ya mtu wa Marekani aliyejirekodi hazikuhusu.

Kompyuta nzima inaganda, hata kichupo kikiwa kimoja

Bonyeza Ctrl+Shift+Esc, utazame safu ya diski. Ikigota 100 na kukaa hapo huku kivinjari hakifanyi kitu, tatizo ni diski ya kuzunguka iliyozeeka, na RAM inapojaa ndiyo inayobebeshwa mzigo. Hapa hakuna kivinjari kitakachokuokoa. Weka SSD, diski isiyozunguka. Nimeshaona laptopu ya miaka kumi ikirudi ujana kwa kubadilishwa diski tu, mwenyewe akadhani nimembadilishia mashine.

Tovuti moja inagoma, nyingine zote ziko sawa

Anza na Ctrl+Shift+R ili ukurasa uvutwe upya badala ya kutolewa akibani, kwenye nakala ya zamani iliyohifadhiwa. Ikishindikana, bofya alama iliyo kushoto kwa anwani, ufute data ya tovuti hiyo peke yake. Tafadhali usifute vyote. Watu hufuta data yote ya kuvinjari, nywila zikiwemo, halafu wanaomba niwakumbushe nywila ya akaunti ya maombi.

Ikiwa inafunguka kwenye Chrome na kugoma kwenye Firefox, huenda waliotengeneza tovuti walijaribu kwenye Chrome tu. Hilo lipo na linakera, na siwezi kulitetea. Tumia Chrome kwa tovuti hiyo, maisha yaendelee. Na kama mfumo wa ofisini unadai Internet Explorer, usiitafute: ilistaafishwa Juni 15, 2022. Ndani ya Edge kuna hali ya IE iliyowekwa kwa ajili ya mifumo hiyo mikongwe.

"Muunganisho wako si wa faragha"

Ujumbe huu huwatisha watu, wengine wanabofya kuendelea kwa ujasiri usio na maana. Soma msimbo.

NET::ERR_CERT_DATE_INVALID: tazama saa ya kompyuta. Kwenye kompyuta za mezani ninazozihudumia, betri ndogo ya CR2032 kwenye ubao mama ikifa, kila umeme ukikatika saa hurudi miaka ya nyuma. Kivinjari kikitazama cheti cha tovuti, yaani kitambulisho chake cha kidijitali, kinaona kimetolewa siku zijazo, kinakataa. Rekebisha tarehe, kisha nunua betri. Ni ya bei ya soda mbili tatu.

SEC_ERROR_UNKNOWN_ISSUER kwenye Firefox, huku Chrome ikifungua bila neno: mshuku antivirusi. Baadhi hujiweka katikati ya mawasiliano ili zikague, na hutoa vyeti vyao wenyewe. Windows imeambiwa iviamini, lakini Firefox ina orodha yake ya vyeti mama, vile ambavyo vyeti vingine hutegemea ili viaminike. Matoleo mapya ya Firefox hujaribu kuchukua vyeti vilivyoongezwa kwenye Windows, kwa hiyo tatizo limepungua, ila halijaisha. Tafuta ndani ya antivirusi mahali pa kuzima ukaguzi wa HTTPS.

Kwenye simu kongwe, Android ya chini ya 7.1.1, sababu ni nyingine: simu haikijui cheti mama cha Let's Encrypt, shirika linalotoa vyeti bure kwa mamilioni ya tovuti. Njia ya pembeni iliyokuwa ikiziokoa simu hizo iliisha Septemba 30, 2024.

Viendelezi vyote vimezimika siku moja

Firefox ya zamani. Cheti mama kinachothibitisha viendelezi kiliisha muda Machi 14, 2025, na matoleo ya chini ya 128, au ya chini ya 115.13 kwa tawi la ESR (lile linalodumu muda mrefu bila mabadiliko makubwa), yakaathirika. Sasisha, basi.

Kwa wenye Windows 7 kuna mpaka: Chrome iliishia toleo la 109 mwanzoni mwa 2023, na Firefox iliyobaki kwao ni tawi la 115 ESR.

Vitangazo vya "kompyuta yako ina virusi" vinachomoza pembeni

Karibu kila mara si virusi. Kuna siku uliingia tovuti ya mechi za bure, ikakuuliza kama iruhusiwe kukutumia arifa, ukabofya kukubali. Nenda kwenye mipangilio ya arifa za tovuti na uondoe majina usiyoyajua.

Skrini inamwekamweka, au video ni ya kijani

Zima uharakishaji wa michoro kwenye mipangilio ya mfumo, uanze upya. Ikipona, sasisha kiendeshi (driver) cha kadi ya michoro.

Kwenye simu: programu nyingine zinafunguka na kujifunga zenyewe

Machi 2021 simu za Android dunia nzima zilianza kufunga programu bila sababu, barua pepe na za benki zikiwemo. Chanzo kilikuwa sasisho baya la Android System WebView, kipande kinachoonyesha kurasa za wavuti ndani ya programu nyingine. Nalitaja kwa sababu dalili hiyo inaweza kurudi: ukiiona, sasisha WebView na Chrome kwenye Play Store kabla ya kuipangusa simu.

Opera Mini bado ina nafasi yake kwenye simu ndogo. Katika hali yake ya kubana zaidi, ukurasa hupikwa kwenye seva za Opera na wewe unaletewa uliokwisha kubanwa. Kwa kusoma habari, raha tupu. Kwa fomu za kupakia picha na vyeti, au kurasa za malipo, toka humo. Mteja mmoja alikaa nusu siku akibofya kitufe ambacho kilikuwa picha tu ya kitufe.

Ukikwama kabisa, kipi kinasaidika kwa urahisi?

Chrome ina faida ya wingi: msimbo wowote utakaoutafuta, kuna mtu alishaupata kabla yako. Pia menyu zake zipo kwa Kiswahili, jambo zuri la kila siku lenye mtego mmoja. Maelekezo mengi yameandikwa kwa Kiingereza, na ukiambiwa ubofye neno ambalo kwako limetafsiriwa, utapotea. Rudisha lugha kwa Kiingereza kwa dakika kumi, fuata maelekezo, kisha ugeuze tena. Na unapotafuta, nakili msimbo wa kosa wenyewe badala ya sentensi ya juu yake. Msimbo haubadiliki kwa lugha yoyote.

Shida ya wingi huo ni taka. Majibu kumi ya kwanza yatakuambia ufute akiba na uanzishe upya, yameandikwa na watu ambao hawajawahi kuliona kosa lako.

Firefox ina watu wachache, lakini kwenye support.mozilla.org wanaojibu ni wa kujitolea wanaoijua, na kivinjari chenyewe hukutayarishia karatasi ya daktari. Andika about:support kwenye upau wa anwani, bofya kitufe cha kunakili maandishi, ubandike panapohitajika. Toleo, viendelezi, kadi ya michoro, vyote vimo. Ukurasa huohuo una kitufe cha kuanza hali ya utatuzi, viendelezi vikiwa vimezimwa, na kingine cha kuifanya upya huku alamisho na nywila zikibaki. Kwenye Chrome na Edge utaanza na chrome://version au edge://version, mengine uyaandike mwenyewe. Nazo zina njia ya kurejesha mipangilio ya awali bila kupoteza alamisho, kwa hiyo hakuna sababu ya kuziondoa na kuziweka upya.

Mwezi uliopita kijana mmoja alikuja akitaka nimsaidie kuuliza swali. Nikampa karatasi, nikamwambia aandike mashine, toleo, msimbo, alichojaribu, na siku tatizo lilipoanza. Akaandika:

"Windows 10, RAM GB 4. Firefox ya zamani, sijaisasisha. Ukurasa wa kupakia vyeti unasema SEC_ERROR_UNKNOWN_ISSUER. Chrome inafungua. Dirisha la faragha halikusaidia. Ilianza Jumatatu, baada ya kaka kuniwekea antivirusi mpya."

Alipoweka nukta ya mwisho aliitazama ile karatasi, akacheka, akavuta kiti na kuanza kuitafuta ile antivirusi mwenyewe.